Ukuta Unaotoka Kwenye Jua



Usiku wa Ijumaa tarehe 10 Mei 2024, anga la Uingereza liligeuka waridi na kijani. Watoto darasani huniuliza wanasayansi walijuaje mapema hata wakatoa tahadhari.

Jua lilikuwa limetema gesi yenye umeme na sumaku. Safari yake hadi kwetu ni kilomita milioni 150, kwa kawaida siku moja hadi tatu. Mbele hutangulia wimbi la mshtuko, ambapo kasi, joto na msongamano hupanda ghafla kama ukuta. Dhoruba ya aina hiyo ilizima umeme Quebec, Kanada, tarehe 13 Machi 1989. Watu kama milioni 6 walikaa gizani kwa saa 9 hivi.

Kompyuta huikadiria safari hiyo kwa kugawa anga kuwa miraba, kama daftari la hesabu, na kila mraba huwa na namba yake. Tuseme msongamano ni 10, 10, 10, 2, 2, 2. Ukuta uko katikati. Hesabu nyepesi huupaka kama siagi: 10, 9, 7, 5, 3, 2. Sasa utasema unafika saa ngapi? Hesabu inayojitia umakini zaidi huzua mawimbi ya uongo: 10, 12, 9, 4, -1, 2. Mimi ni muuguzi. Mashine ikinionyesha presha chini ya sifuri, naikagua mashine, simkagui mgonjwa. Kompyuta haishtuki, huendelea tu mpaka programu ikwame.

Mwaka 1959 Sergei Godunov, mwanahisabati wa Urusi ya Kisovieti, alichapisha njia nyingine. Kila mpaka wa miraba miwili uhesabu kuwa ni ukuta mdogo, kisha utafute gesi kiasi gani inavuka na kuelekea wapi. Inayotoka mraba huu lazima iingie kwa jirani, hivyo haipotei. Miaka ya 1970, Bram van Leer wa Uholanzi aliupa kila mraba mteremko ndani yake, lakini wenye breki: namba za majirani zikipishana vibaya, mteremko hulazwa. Ukuta ukabaki mkali, bila mawimbi ya uongo.

Sumaku huongeza kazi. Gesi ya kawaida hutoa mawimbi 3 kwenye kila mpaka. Yenye sumaku hutoa hadi 7. Tena, ukivunja sumaku, kila kipande hubaki na ncha mbili. Kwa hiyo mistari ya sumaku inayoingia kwenye kisanduku lazima itoke yote, la sivyo kompyuta huisukuma gesi kwa nguvu isiyokuwepo.

Jumamosi ijayo leteni daftari la miraba na penseli. Tutausogeza ukuta wa 10 na 2 kwa mkono.