Kutu kwenye hanga ya nyuma, adui anayejificha chini ya Escort

UKIITAZAMA Ford Escort ya zamani ikikata vumbi kwenye East African Safari Classic, macho yanakimbilia kwenye taa kubwa za mbele, rangi na mlio wa injini. Ni kama kwenye soka tu, kamera zinamfuata straika. Kazi chafu inafanywa na kiungo mkabaji, na kwenye Escort huyo yupo chini kabisa, mbele kidogo ya tairi la nyuma. Mafundi wanaiita hanga, pale springi inapofungwa kwenye bodi.

Kwa wale wa kandanda pekee, Escort si mkweche wa kubeza. Mwaka 1972 Hannu Mikkola wa Finland aliendesha Escort RS1600 na kuwa dereva wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda Safari Rally, mbio zilizoanza 1953. Mwaka 1977 Björn Waldegård wa Sweden naye akabeba taji akiwa na RS1800. Miaka 30 baadaye, 2007, mzee huyohuyo akarudi na Escort na kushinda Safari Classic, mwanawe Mathias akiwa pembeni anamsomea njia.

Ndiyo maana hadi leo watu wanazitafuta, wanazifufua. Na karibu kila anayeifufua anakutana na kutu kwenye hanga.

MZIGO WOTE UKO HAPO

Escort ya kawaida haina mikono ya chuma ya kuishikilia ekseli ya nyuma. Ekseli imekaa juu ya springi mbili za vyuma bapa vilivyopangana, basi. Springi hizo zinabeba uzito, na hapohapo ndizo zinazoizuia ekseli isiende mbele wala nyuma. Ukikanyaga mafuta, nguvu ya matairi inapita kwenye springi, inaingia kwenye hanga ya mbele, ndipo gari linasogea. Ukifunga breki, nguvu inarudi njia ileile.

Sasa tope na maji vinarushwa na tairi na kujikusanya palepale. Ukiongeza hewa ya chumvi kwa gari linalolala Mombasa au Tanga, chuma kinaliwa kuanzia ndani huku nje rangi bado inang'aa. Hanga ikichanika gari linakuwa kwenye mwendo, ekseli inakaa upande na nyuma inaanza kujiendesha yenyewe. Kwenye kona ya changarawe, hapo ni kumwachia Mungu.

Kuigundua ni rahisi. Chukua bisibisi na nyundo ndogo, gongagonga. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya kufa na bisibisi inazama.

PIMA KABLA HUJAKATA

Kiukweli, kuchomelea siyo sehemu ngumu. Gerezani pale Dar es Salaam au Kirinyaga Road jijini Nairobi hukosi fundi mwenye mkono mzuri. Wengi wanaharibu kwa kuwasha grainda mapema. Ukishakata bila vipimo, nani atakuambia tundu la bolti lilikuwa wapi?

Gari liwe sakafu tambarare, matairi ya mbele yawekewe magogo. Bodi isimame kwenye stendi imara, jeki ibebe ekseli peke yake. Betri ichomolewe, tangi la mafuta na mipira yake vitolewe kabisa, maana kwenye Escort tangi liko nyuma hukohuko cheche zitakakoruka. Kisha pima kutoka tundu la bolti hadi sehemu ngumu za bodi, nyoofu na mshazari, linganisha na upande wa pili, andika. Fanya upande mmoja kwanza, ule mwingine ubaki kuwa shahidi wako.

Bolti itakusumbua, jiandae. Mara nyingi imegandana na kibomba cha chuma kilicho ndani ya bushi. Ilowekwe mafuta ya kulegezea siku kadhaa kabla, ikigoma ikatwe. Bolti na bushi mpya ni lazima, usirudishe za zamani kwa kubana matumizi.

Kata mpaka ukute chuma cheupe. Hapa ndipo ubahili unapoua, kwa sababu kiraka kilichochomelewa juu ya kutu kinashika kutu, hakishiki gari. Puti ndiyo kabisa, hiyo ni vipodozi. Wengine wanaweka bamba nene sana wakidhani ndiyo uimara, kumbe wanahamishia mzigo pembezoni, bati jembamba la bodi linapasuka pale weldingi inapoishia. Unene ufanane na wa awali. Mabati ya paa yaache, moshi wa zinki unamletea fundi homa.

Hanga mpya ishikizwe kwa vidoti kwanza. Jaribishia bolti, pima tena. Vipimo vikikubali ndipo uchomelee, vipande vifupi kwa kuhamahama, ili joto lisikunje bodi. Baada ya hapo ni praima, gundi ya kuziba maungio, na nta ya kuzuia kutu inyunyiziwe ndani ya boksi la chuma ambako brashi haifiki. Matundu ya kutolea maji yasizibwe.

Jambo moja linasahauliwa hata na mafundi wazoefu. Nati za bushi zisikazwe gari likiwa linaning'inia. Zishike tu, gari lishushwe likanyage chini kwa uzito wake, litikiswe kidogo, ndipo zikazwe. La sivyo mpira wa bushi unabaki umejikunja muda wote na unachanika mapema.

Malizia kwa kupima umbali wa katikati ya tairi la mbele na la nyuma, kulia na kushoto. Pande zote zikisoma sawa, ekseli imekaa. Litembeze taratibu kwenye njia mbovu kidogo, rudi gereji, ingia chini na spana ukazikague nati upya.