Goma: Afya ya kinywa haipimwi kwa jino moja lenye kuuma

Katika mji wa Goma, wakaaji wengi humwendea munganga wa meno siku ile maumivu yamewakatalia kulala. Jino linang'olewa, mgonjwa anarudi nyumbani na pamba mdomoni, na mambo yanaishia pale. Lakini meno yaliyobaki yako namna gani? Na fizi? Bila kujibu maulizo hayo, mtu anaweza kupoteza jino moja kisha lingine, kila mara akifikiri ni bahati mbaya.

Waganga wa meno wana njia za kupima kinywa kizima. Ile inayojulikana sana katika inchi zinazotumia Kifaransa ni hesabu ya CAO, iliyoanzia Marekani mwaka wa 1938. C ni meno yaliyooza, A ni yale ambayo hayapo tena kwa sababu ya kuoza, O ni yale yaliyozibwa. Yote yanajumlishwa. Asiye na jino hata moja la namna hiyo anapata 0. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, liliweka lengo kwamba kufikia mwaka wa 2000, wastani kwa watoto wa miaka 12 usipite 3.

Hata hivyo, jumla peke yake inaweza kudanganya. Mtu mwenye meno 4 yaliyozibwa anapata 4. Mwenye kung'olewa meno 4 anapata 4. Mwenye meno 4 yanayooza hadi leo, naye 4. Wa kwanza anatafuna nyama vizuri. Wa tatu hawezi hata kunywa maji baridi. Ndiyo maana ni lazima kutazama kila herufi. Pale ambapo C na A ni nyingi na O ni sifuri, maana yake watu wanafika kwa munganga wakiwa wamechelewa, ao hawana pesa ya kuziba.

Fizi nazo zina kipimo chake. Munganga anagawa kinywa katika sehemu 6, kisha anapitisha kando ya meno chuma chembamba chenye kichwa cha duara cha nusu milimita. Anatazama kama damu inatoka, kama kuna uchafu uliokauka, na kama fizi imeachana na jino. Fizi iliyoachana kwa milimita 6 ao zaidi ni hatari: jino linaweza kulegea hata kama halina tobo.

Kwetu kuna jambo lingine ambalo CAO haihesabu. Jamaa nyingi za Goma na vijiji vya karibu hukinga maji ya mvua kwenye mabati. Moshi wa volkano Nyiragongo na Nyamulagira unabeba floridi, na mvua inaishusha. Watafiti waliopima maji ya mvua karibu na volkano hizo walikuta floridi inayopita kiasi kilichowekwa na OMS, yaani miligramu 1,5 kwa litri moja. Mtoto anayekunywa maji hayo wakati meno yake yangali yanajengeka ndani ya fizi anaweza kuota meno yenye madoa meupe ao ya kahawia. Kuna kipimo maalumu cha madoa hayo, kilichotungwa na Mmarekani Dean katika miaka ya 1930. Si kosa la mtoto, wala si uvivu wa kupiga mswaki. Na kuchemsha maji hakuondoi floridi.

Kipimo cha mwisho ni mgonjwa mwenyewe. Anaulizwa: unakula vizuri? Unalala? Unaficha mdomo ukicheka? Umekosa kazi ao masomo kwa sababu ya meno? Inchini Tanzania, watafiti wamekwisha kutumia maulizo 8 ya namna hiyo kwa Kiswahili. Kuna wenye CAO ndogo wanaoteseka sana, na wenye CAO kubwa waliokwisha kuzoea.

Basi, siku utakapomwendea munganga kwa jino moja, umwombe atazame kinywa kizima na akuandikie kwenye karatasi: yaliyooza mangapi, yaliyong'olewa mangapi, yaliyozibwa mangapi, fizi zikoje. Utunze karatasi hiyo. Ukirudi baada ya mwaka, mutaweza kulinganisha.