Gitaa la Umeme na Uwiano wa Uzito

Gitaa la umeme lenye uwiano mzuri hutulia pale pale mpigaji anapoliweka, hata akiachia mikono yote miwili. Lenye uwiano mbaya huinamisha shingo. Kichwa hushuka kuelekea sakafuni, na mkono wa kushoto, ambao kazi yake ni kubana nyuzi, hulazimika kuibeba shingo isianguke. Kasoro hii haionekani pichani wala haisikiki kwenye spika, ndiyo maana wanunuzi wengi huigundua baada ya kulipa.

Muziki wa Tanga unaonyesha vizuri uzito wa jambo hili, kwa kuwa huko gitaa la umeme limepigwa kwa namna mbili. Bendi za dansi kama Atomic Jazz na Jamhuri Jazz zilijipatia sifa katika miaka ya 1960 na 1970 kwa magitaa yaliyopigwa kwa kusimama, mkanda begani, usiku kucha. Kwa upande wa taarabu, Black Star na Lucky Star, vikundi alivyoviimbia Shakila Saidi, viliingiza gitaa la umeme na besi, na wapigaji wa taarabu kwa kawaida huketi. Gitaa linalotulia pajani laweza kuinama likitundikwa begani. Kwa hiyo kijana wa Moa, mkoani Tanga, anayekwenda kununua gitaa Tanga mjini au Mombasa aamue kwanza kama atapiga ameketi au amesimama.

Chanzo cha kuinama ni mahali uzito ulipo. Gitaa hutundikwa kwenye vifungo viwili, kimoja kitakoni na kingine upande wa shingo, na mkanda huteleza begani mpaka uzito upate pa kutulia. Ni sawa na mzega: ndoo ya upande mmoja ikizidi maji, mti huinama upande huo. Kadiri kifungo cha mbele kinavyosogea kuelekea kichwani, ndivyo shingo inavyopata pa kuegemea. Stratocaster ya kampuni ya Fender, iliyotoka mwaka 1954, ina pembe ndefu ya juu inayofikisha kifungo karibu na freti ya 12, na ndiyo sababu hutulia. SG ya Gibson, iliyoanza mwaka 1961, ina kiwiliwili chembamba na chepesi, na kifungo chake cha mbele kwa kawaida kiko nyuma, kwenye kiungo cha shingo. Shingo karibu yote hubaki nje ya kifungo hicho, na gitaa hilo lina sifa ya kuinama, ijapokuwa sauti yake inapendwa duniani kote.

Hapo ndipo wanunuzi wengi hupotea: hutafuta gitaa jepesi wakidhani ndilo litakalowapumzisha. Wepesi wa kiwiliwili bila wepesi wa shingo ndio unaoleta kuinama. Les Paul yenye kilo 4 na zaidi inaweza kulemea bega lakini ikatulia, na gitaa la kilo 3 likamchosha mpigaji kiganja. Besi inahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu urefu wa uzi wake unaotikisika kwa kawaida ni sentimita 86 hivi, dhidi ya 65 za gitaa la solo, na funguo zake za kukazia nyuzi ni kubwa na nzito.

Jaribio la dukani ni rahisi na halihitaji umeme. Mnunuzi aende na mkanda wake, alitundike gitaa kwa urefu aliouzoea, asimame wima, kisha aachie mikono taratibu. Kichwa kikibaki juu kidogo ya usawa wa kiwiliwili, gitaa ni zuri. Kikishuka, aangalie kinashuka kwa kasi gani na kinakomea wapi. Kisha apige kipande cha solo kinachopanda kutoka freti ya kwanza hadi ya 12 na kurudi. Mkono unaobeba shingo huchelewa kuhama, hubana nyuzi kupita kiasi, na noti hupanda juu ya mahali pake. Baada ya hapo ndipo akague unyoofu wa shingo, freti, pikapu na swichi.

Kwa gitaa lililokwisha kununuliwa, tiba ianze na iliyo nafuu. Ya kwanza ni mkanda mpana, sentimita 7 au zaidi, wa ngozi ambayo upande wa ndani umeachwa na ukakasi wake. Mkanda huo hauhamishi uzito, bali hung'ang'ania nguo usiteleze, na kwa gitaa linaloinama kidogo hutosha. Kuufupisha ili gitaa likae juu kifuani, shingo ikielekea juu, nako husaidia.

Ya pili ni kubadili funguo nzito kwa nyepesi. Ikiwa kichwa kiko sentimita 60 kutoka mahali gitaa linapoegemea, na kitako kiko sentimita 30, gramu 100 zinazopungua kichwani zina nguvu sawa na gramu 200 zinazoongezwa kitakoni.

Ya tatu ni kuhamisha kifungo cha mbele hadi kwenye ncha ya pembe ya juu, kama pembe hiyo ina unene wa kutosha. Fundi atoboe tundu jembamba kabla ya kukaza skrubu ili mbao isipasuke. Gitaa la kale lenye thamani lisitobolewe. Pwani, ambako hewa ya chumvi hula chuma, skrubu hizo zikaguliwe mara kwa mara, maana iliyoshikwa na kutu inaweza kukatika na kuliangusha gitaa zima.

Ya mwisho ni kuongeza uzito kitakoni. Inafaulu, lakini bega ndilo linalolipa, hivyo itumike pale tu tatu za kwanza zinaposhindwa.