Chavua ya Kale Katika Matope ya Milima Yetu

Pale Mudende, wilayani Rubavu, Rwanda, ukungu ukiondoka unauona mlima Karisimbi wote, mita 4,507, na chini yake mashamba ya viazi mviringo, ng'ombe wa maziwa na mistari ya mikaratusi. Mgeni hudhani nchi hii ilikuwa hivi tangu zamani. Wazee wanajua sivyo. Msitu wa Gishwati, ulio jirani, ulikuwa na kilomita za mraba 280 hivi katika miaka ya 1970, na mwanzoni mwa karne hii zilikuwa zimebaki kama 6 tu. Sehemu ililiwa na mradi wa malisho na misonobari katika miaka ya 1980, sehemu ikakatwa na watu waliotafuta pa kuishi baada ya mauaji ya kimbari ya 1994.

Kumbukumbu ya mzee inafika miaka 70 au 80 nyuma. Anayetaka kujua miaka 2,000 au 20,000 iliyopita itambidi achimbe matope.

Kila mmea wenye maua hutoa chavua, ule unga unaobaki kidoleni ukigusa mbelewele za mahindi. Chembe moja ni ndogo mno, haionekani ila kwa hadubini, lakini ganda lake la nje ni gumu ajabu. Limeumbwa kwa sporopolenini, kitu ambacho hata asidi kali haikiyeyushi kwa urahisi. Chavua ikianguka ziwani au kwenye kinamasi huzama, hufunikwa na mashapo, na kwa kuwa chini huko hakuna hewa, haiozi. Mwaka hadi mwaka tabaka hulala juu ya tabaka. Mtaalamu hushindilia bomba refu matopeni, akatoa mche wa udongo ambao juu yake ni jana na chini yake ni enzi za kale.

Maabarani, kipande kidogo cha udongo huo huchemshwa kwa kemikali zinazokula mchanga na mabaki ya mimea na kuacha chavua. Kisha mtu huketi kwenye hadubini na kuhesabu, mara nyingi chembe 300 au zaidi kwa kila sampuli. Kazi inachosha macho, ila ina uzuri wake. Chembe ya podo ina vifuko viwili vya hewa, kimoja kila upande, vinavyoisaidia kupeperuka mbali. Za jamii ya erika, vile vichaka vya juu milimani, hukaa nne nne zimeshikana. Ya nyasi ni duara lenye tundu moja. Ukizifahamu sura hizo, hesabu inakupa picha ya mimea iliyozunguka ziwa wakati huo.

Elimu hii ilizaliwa katika nchi za baridi. Mwaka 1916 Msweden Lennart von Post alieleza mbinu yake mbele ya wanasayansi mjini Kristiania, ambao leo ni Oslo. Kaskazini kuna aina chache za miti, na nyingi hupeperusha chavua kwa upepo, hivyo ziwa hupokea habari za karibu kila mti. Mmoja wa walioisomea huko ni Daniel Livingstone (si yule mmisionari), aliyechunguza maziwa ya Alaska na mwaka 1955 akaeleza bomba jepesi la kuchimbia linalotumika hadi leo. Baadaye alilileta kwetu, na mwaka 1967 akachapisha historia ya uoto wa Rwenzori iliyosomwa, pamoja na kwingine, katika matope ya Ziwa Mahoma, Uganda.

Huku kwetu kazi ni ngumu zaidi. Aina za mimea ni nyingi mno, na mingi huchavushwa na wadudu, popo au ndege. Lobelia kubwa za Karisimbi hutegemea ndege, kwa hiyo chavua yake haisambai kama ya podo, na anayesahau jambo hilo atadhani mlima wote ulikuwa podo. Volkano nazo huongeza tabu: gesi yenye kaboni ya zamani inayopanda kutoka ardhini huingia katika maji ya Ziwa Kivu, na vipimo vya kaboni-14 vikaonyesha umri mkubwa kuliko ukweli.

Hata hivyo majibu yamepatikana. Kinamasi cha Kashiru, Burundi, kiko kwenye mita 2,240, katika milima ileile inayoendelea hadi kwetu. Raymonde Bonnefille na wenzake walisoma chavua yake, na mwaka 1990 wakakadiria kwamba wakati wa enzi ya barafu joto lilikuwa chini kwa nyuzi 4 hivi. Uoto unaouona leo juu ya mlima ulikuwa umeshuka hadi kwenye vilima vya wakulima. Kinamasi cha Muchoya, Kigezi nchini Uganda, kinaonyesha msitu ukipungua na nyasi zikiongezeka yapata miaka 2,200 iliyopita, dalili ya watu kufyeka msitu. Kwa maoni yangu hilo ndilo jambo la kulishika: shoka na jembe vina historia ndefu kwenye milima hii, ila hakuna kinachoonyesha kasi kama ile ya Gishwati.

Tabaka za juu kabisa ndizo rahisi kusoma. Mahindi yalitoka Amerika, kwa hiyo chembe zake kubwa haziwezi kuwa za kale. Mikaratusi na misonobari ni ya karne ya 20. Anayepanda msitu upya leo angeweza kuuliza ni miti gani iliyokuwapo kabla ya hiyo, na mti wa asili uitwao umugeti ulisimama wapi. Swali hilo lina uzito, maana miti husaidia kushika maji na udongo wa miteremko: Mei 2023 Mto Sebeya, unaoshuka kutoka milima ya Gishwati, ulifurika hadi Rubavu, na mafuriko na maporomoko ya siku hizo yaliua zaidi ya watu 130 nchini.

Vinamasi vya mabondeni vinakaushwa kwa ajili ya kilimo. Hewa ikiingia, chavua huoza. Jembe likipita, tabaka huchanganyika, na hakuna wa kuzipanga tena. Naziomba wilaya na vyuo vyetu: kabla mfereji haujachimbwa, watu wachache wapeleke bomba la mkono, watoe mche mmoja wa udongo na kuuhifadhi mahali pa baridi. Atakayeusoma anaweza kuja hata miaka 20 baadaye.