Kibaba Kina Ukingo

Hivi majuzi nilikuwa Tuwan, mjini Kitale, nikimsahihishia mpwa wangu insha kuhusu wanyamapori. Alikuwa ameandika kwamba wanyama wakiwa wengi huongezeka kwa kasi zaidi, kwani haba na haba hujaza kibaba. Kiswahili chake hakikuwa na dosari. Fikra ndiyo iliyopotoka, na upotofu huo, ndugu msomaji, hata sisi walimu tunao.

Tuanze kwa kutofautisha idadi na kasi. Nyumbu 100 wakiongezeka kwa asilimia 10 kwa mwaka, watazidi kwa 10. Nyumbu 1,000 kwa kasi iyo hiyo watazidi kwa 100. Nyongeza imekua, kasi haikubadilika.

Serengeti inatufunza zaidi. Baada ya ugonjwa wa sotoka kudhibitiwa, nyumbu waliokuwa takribani 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960 walipita milioni moja kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970. Kisha kasi ikafifia. Nyasi za kiangazi hazikutosha tena vinywa vyote, na wanyama dhaifu wakafa kwa njaa. Kibaba kilikuwa kimejaa.

Je, uchache basi ni heri? La hasha! Uchache uliopita kiasi nao huua kasi. Huko Ol Pejeta, Laikipia, Sudan, dume la mwisho la kifaru mweupe wa kaskazini, alikufa Machi 2018. Wakabaki Najin na bintiye Fatu. Malisho yapo, lakini mzazi wa kiume hayupo.

Hapa Trans Nzoia tuna Mbuga ya Kitaifa ya Saiwa, iliyotengwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe, yule swala wa kinamasi. Ukubwa wake ni kilomita 3 hivi za mraba, na imezungukwa na mashamba. Nzohe wamebanwa pande mbili: kibaba ni kidogo, kwa hiyo hawawezi kuwa wengi, na kwa kuwa si wengi, maradhi au ukame mmoja waweza kuwafagia. Kila kipande cha kinamasi kinachokaushwa ili kupandwa mahindi hukipunguza kibaba hicho.

Nilimrudishia mpwa wangu insha yake bila kuifuta methali. Wahenga hawakukosea, walinena juu ya kujaza tu. Nilimwomba aongeze aya moja kuhusu ukingo. Nasi walimu, tunapowauliza wanafunzi wanyama wako wangapi, tusisahau kuwauliza pia wanaishi katika kibaba cha ukubwa gani, na ni nani anayekipunguza.