Kichwa Chako Hufanyaje Hesabu?

Leo tunakuomba ujichunguze. Usichunguze shamba wala ghala. Chunguza kichwa chako mwenyewe kinapofanya hesabu.

Tuseme wewe ni mkulima wa ufuta, Ruangwa au Nachingwea. Umepeleka mzigo wako kwenye chama cha msingi. Mizani imeonyesha kilo 47. Tuseme bei ni shilingi 2,100 kwa kilo moja. Utapata shilingi ngapi?

Fanya hesabu hiyo sasa, bila kalamu. Kisha jiulize: nimepita njia gani?

NJIA NI NYINGI

Mkulima mmoja atasema hivi: "Kilo 50 ni shilingi 105,000. Lakini zangu zimepungua kilo 3. Kilo 3 ni shilingi 6,300. Nikizitoa, nabaki na shilingi 98,700."

Mwingine atasema: "Kilo 40 ni shilingi 84,000. Kilo 7 ni shilingi 14,700. Jumla ni shilingi 98,700."

Njia ni mbili, jibu ni moja. Wote wawili wamepata.

Hata lugha zetu zina njia zao. Katika Kimakua na Kiyao, sita husemwa tano na moja. Saba husemwa tano na mbili. Ni kama vidole. Mkono mmoja umekwisha, mkono wa pili unaanza.

Mwaka 1970 ulikuwa mwaka wa elimu ya watu wazima katika Tanzania. Tangu wakati huo watu wazima wengi wamejifunza kusoma, kuandika na kuhesabu. Lakini mtu mzima hafiki kisomoni bila hesabu. Amekwisha kugawa mbegu, kulipa vibarua na kudai chenji. Hesabu anazo kichwani. Anachokuja kujifunza ni kuziandika.

MUUZA NAZI WA BRAZIL

Wako wataalamu wanaochunguza jinsi watu wanavyofikiri wanapofanya hesabu. Watatu kati yao ni Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann. Walifanya kazi hiyo katika mji wa Recife, nchini Brazil. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1985.

Waliwaendea watoto watano wenye umri wa miaka 9 hadi 15. Watoto hao walikuwa wakiuza vitu sokoni na mitaani. Wataalamu walinunua kama wateja wengine. Waliuliza bei, wakauliza chenji, wakasikiliza watoto wakifikiri kwa sauti. Katika kila maswali 100, watoto walipata kama 98.

Baadaye wataalamu waliwapa watoto hao hao hesabu kama zile, lakini sasa kwa karatasi na kalamu. Zilikuwa tarakimu tupu. Hazikutaja nazi wala fedha. Katika kila maswali 100, watoto walipata kama 37 tu.

Mtoto mmoja wa miaka 12 alikuwa akiuza nazi. Nazi moja ilikuwa 35 kwa fedha ya kwao. Aliulizwa bei ya nazi 4. Alianza na nazi 3, ambazo ni 105. Akaongeza bei ya nazi moja, akapata 140. Ni sawa kabisa.

Kwenye karatasi aliandikiwa 35 mara 4. Alisema: 4 mara 5 ni 20, naweka 2. Kisha akajumlisha 2 na 3, akapata 5. Akazidisha 5 kwa 4, akapata 20. Akaandika 200. Hapo alikosea, kwa sababu alijumlisha kabla ya kuzidisha.

Sokoni asingekubali jibu hilo. Angejua kwamba nazi 4 haziwezi kufika 200. Kwenye karatasi aliacha kufikiria nazi, akashika kanuni ya shule ambayo hakuielewa vizuri.

KICHWA NA KALAMU

Je, tuache kalamu? Hapana. Kichwa husahau. Tena makato yakiwa mengi, kichwa huchoka. Wala huwezi kwenda kudai haki yako kwa hesabu iliyo kichwani tu. Stakabadhi ni ushahidi.

Basi tumia vyote viwili. Kwanza kadiria kwa kichwa. Pili, andika. Tatu, linganisha. Kama kalamu imesema shilingi 9,870 kwa zile kilo 47, kichwa kikatae. Kilo 5 peke yake ni shilingi 10,500! Sifuri moja imepotea.

Sasa tuseme makato ni shilingi 150 kwa kila kilo. Kwa kilo 47, makato ni shilingi 7,050. Toa hizo katika 98,700. Unabaki na shilingi 91,650.

Hakikisha kwa njia nyingine. Toa 150 katika 2,100, utapata 1,950. Zidisha kwa kilo 47. Utapata tena 91,650. Njia mbili zikikutana, huna haja ya wasiwasi. Zisipokutana, rudia. Zikikataa tena, mwulize karani wa chama bila kuona haya.

Lakini kumbuka jambo moja. Hesabu huanza kwenye kipimo. Anayeuza korosho kwa kangomba hupimiwa kwa bakuli. Anaweza kuzidisha bila kosa, na bado akapunjwa, maana hajui bakuli lile lina kilo ngapi. Mizani kwanza, hesabu baadaye.

ZOEZI

Kilo 38 kwa shilingi 2,500 kila kilo ni shilingi ngapi? Mpe mwenzako swali hili, naye afikiri kwa sauti. Usimkatize. Sikiliza njia yake, kisha mweleze yako. Jibu ni shilingi 95,000.