Fahamu: Kanuni iliyowarudisha shule makocha wa NFL

Katika Super Bowl, fainali ya NFL (ligi ya mpira wa Kimarekani), ya Februari 2024, Kansas City Chiefs dhidi ya San Francisco 49ers, hakuna mpira wa kuanzia hata mmoja ambao mpokeaji alikimbia nao. Yote ilipigwa mbali mno. Kwa mchezo unaouza kasi, ilikuwa aibu.

Msimu uliofuata NFL ikaleta kanuni mpya ya mpira wa kuanzia, wazo likiazimwa kutoka ligi ya XFL. Mpigaji anabaki kwenye yadi ya 35 ya upande wake, lakini wenzake 10 wanapangwa kwenye yadi ya 40 ya wapinzani, hatua chache tu kutoka kwa wazuiaji. Hawaruhusiwi kusogea mpaka mpira uanguke au udakwe.

Hapo ndipo kazi ya kocha ilipogeuka. Zamani alitaka watu wa mbio, walioteremka uwanja mzima na kugongana vibaya. Majeraha ya kichwa yalikuwa mengi. Sasa kila mkabaji, yaani mmoja wa wale 10, anaanza akiwa amesimama, kwa hiyo mazoezi yanahusu mikono: msukume mzuiaji, jinasue, usiache njia yako. Akiiacha mmoja tu, mpokeaji anayekimbia na mpira anapenya. Walio pembeni kabisa humlazimisha arudi katikati, kwenye msongamano.

Mwaka 2025 adhabu ya kupiga mpira moja kwa moja hadi eneo la mwisho la uwanja ikapanda: wapinzani huanza yadi ya 35 ya upande wao badala ya 30. Basi wapigaji wakaanza kufundishwa mpira wa chini, unaoyumba na kudunda ovyo, huku mpokeaji akihangaika kuuokota.